Ufikiaji usiolipiwa katika mitandao ya kijamii: maana yake, sababu za kupungua na hatua za kuchukua kwa wafanyabiashara wadogo wa Lagangabilili

Wafanyabiashara wengi wadogo nchini wamezoea kutangaza bidhaa zao katika Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp kwa gharama ya kifurushi cha intaneti pekee. Njia hiyo imewafungulia soko mafundi cherehani, wasindikaji wa vyakula, wauza nguo na mama lishe ambao hawakuwa na uwezo wa kulipia tangazo la redio au bango la barabarani. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi sasa idadi ya watu wanaoliona chapisho la biashara lisilolipiwa imekuwa ikishuka, na ukurasa wenye maelfu ya wafuasi unaweza kuonekana na wachache tu kati yao.

Makala haya yanaeleza maana ya hali hiyo, historia yake na sababu zake, pamoja na hatua ambazo mfanyabiashara wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, anaweza kuzichukua ili mtaji wake mdogo usipotee katika matangazo yasiyomfikia mnunuzi.

Maana ya ufikiaji usiolipiwa

Ufikiaji ni idadi ya watu ambao chapisho limejitokeza katika skrini zao walau mara moja. Ufikiaji usiolipiwa ni ule unaopatikana bila mwenye ukurasa kuulipa mtandao husika fedha yoyote. Ufikiaji wa kulipia hupatikana pale anapotoa fedha ili chapisho lake lisambazwe kwa watu aliowachagua kwa eneo, umri au mambo wanayoyapenda, jambo ambalo wengi huliita “kusponsa”.

Ni muhimu kutofautisha ufikiaji na wafuasi. Mfuasi ni mtu aliyekubali kuufuata ukurasa, lakini kukubali huko hakuulazimishi mtandao kumwonyesha kila kinachochapishwa humo. Kwa mfano, ukurasa wa duka la vitenge wenye wafuasi 2,000, ambao kila chapisho lake huonekana na asilimia 5 ya wafuasi hao, huwafikia watu 100. Iwapo nusu ya watu hao wanaishi mikoa ya mbali, wanaobaki na uwezekano wa kufika dukani ni 50. Mwenye duka anayepanga manunuzi ya mzigo kwa kuangalia ile namba 2,000 anapanga kwa hesabu isiyo sahihi.

Historia ya kupungua

Facebook ilianzishwa mwaka 2004, na mwaka 2007 ikaanzisha kurasa maalumu za biashara na taasisi. Katika miaka ya mwanzo, kampuni nyingi duniani zilitumia fedha nyingi kukusanya wafuasi zikiamini kuwa kila mfuasi angeendelea kupata taarifa zao bila malipo.

Hata wakati huo uchujaji ulikwishaanza. Mwaka 2010 Facebook ilieleza hadharani namna mfumo wake wa kupanga machapisho ulivyofanya kazi, ukizingatia mambo matatu: ukaribu wa mtazamaji na aliyechapisha, uzito wa aina ya chapisho, na muda uliopita tangu lichapishwe. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilisema kuwa ukurasa, kwa wastani, huwafikia takriban asilimia 16 ya wafuasi wake.

Kushuka kuliendelea. Uchambuzi wa kampuni ya matangazo ya Ogilvy, uliohusisha zaidi ya kurasa 100 za kampuni mbalimbali, ulionyesha kuwa ufikiaji usiolipiwa ulikuwa takriban asilimia 12 mwezi Oktoba 2013 na ukashuka hadi takriban asilimia 6 mwezi Februari 2014. Kwa kurasa kubwa zenye zaidi ya wafuasi 500,000, kiwango kilikuwa takriban asilimia 2.

Novemba 2014 Facebook ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2015 ingepunguza machapisho ya kurasa yenye sura ya tangazo tupu, yaani yale yanayomsukuma mtu kununua bila kumpa maelezo mengine ya manufaa. Januari 2018 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alitangaza kuwa kipaumbele kingetolewa kwa mazungumzo ya ndugu, jamaa na marafiki, na kwamba machapisho ya biashara na vyombo vya habari yangeonekana kidogo zaidi.

Instagram, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2012 kwa Dola za Marekani bilioni 1, ilifuata mkondo huo. Machi 2016 ilitangaza kuachana na utaratibu wa kuonyesha picha kwa kufuata muda zilipowekwa, na kuanza kuzipanga kwa kukadiria kile ambacho mtumiaji angependa kukiona.

Sababu za kupungua

Sababu ya kwanza ni wingi wa machapisho. Mwaka 2014 Facebook ilieleza kuwa kila mtu anapofungua mtandao huo, kwa wastani kuna machapisho 1,500 yanayoweza kuonyeshwa kwake, na kwa mtu mwenye marafiki na kurasa nyingi idadi hiyo inaweza kufika 15,000. Mfumo uliyachuja na kubakiza takriban 300. Muda wa mtu kutazama simu hauongezeki kwa kasi ya machapisho, hivyo kila anayejiunga kutangaza anagawana na wenzake nafasi ileile.

Sababu ya pili ni algoriti, yaani kanuni za kikompyuta zinazoamua nani aone nini na kwa mpangilio upi. Algoriti hupima dalili kama vile muda ambao mtu ametumia kutazama video, kama amependa, ametoa maoni, au amemtumia mwenzake. Chapisho linalopitwa na watazamaji wa kwanza bila kuguswa huonekana kwa wengine wachache zaidi. TikTok imekwenda mbali zaidi katika utaratibu huu, kwani video huonyeshwa kwa watu hata kama hawamfuati aliyeiweka. Hali hiyo humpa nafasi mfanyabiashara mpya asiye na wafuasi, lakini pia humnyima uhakika yule mwenye wafuasi wengi.

Sababu ya tatu ni biashara yenyewe ya mitandao hiyo. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya takriban Dola za Marekani bilioni 134.9 mwaka 2023, na kati ya hizo takriban Dola bilioni 131.9 zilitokana na matangazo. Kampuni yenyewe imekuwa ikieleza kuwa upungufu wa ufikiaji unatokana na wingi wa machapisho na kulinda ubora wa anachokiona mtumiaji. Iwe sababu ipi ina uzito zaidi, matokeo kwa mfanyabiashara ni yaleyale: nafasi iliyokuwa ya bure imekuwa bidhaa inayouzwa.

Hali ya mfanyabiashara wa Lagangabilili

Itilima ni miongoni mwa wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, pamoja na Bariadi, Busega, Maswa na Meatu. Mkoa huo ulianzishwa rasmi mwaka 2012 na, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 2.1. Uchumi wake unategemea kwa kiasi kikubwa kilimo, hususan pamba, na ufugaji. Fedha mikononi mwa wananchi huongezeka msimu wa mauzo ya mazao na kupungua wakati wa kilimo, jambo linalomlazimu mfanyabiashara kuchagua kwa uangalifu wakati wa kutumia fedha katika matangazo.

Katika mazingira hayo, kupungua kwa ufikiaji usiolipiwa hakuwagusi wote kwa namna moja. Biashara zinazohudumia wakazi wa karibu, kama vile saluni, mgahawa, duka la vifaa vya ujenzi na fundi simu, zinahitaji kuonekana na watu wanaoweza kufika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Video ya mgahawa wa Lagangabilili ikitazamwa mara 10,000 na watu wa Dar es Salaam, haiongezi sahani hata moja ya wali mezani.

Kwa upande mwingine, bidhaa zinazosafirishika na kukaa muda mrefu, kama asali, mafuta ya alizeti, michembe, matobolwa na kazi za mikono, zina wateja nje ya wilaya, wakiwemo wenyeji wa Usukuma wanaoishi mijini na kutamani vyakula vya nyumbani. Kwa bidhaa hizo kuonekana mbali kuna faida, ilimradi mzalishaji awe na kifungashio kinachofaa, namna ya kusafirisha mzigo na njia ya kupokea malipo. Kabla ya kujiuliza namna ya kuonekana na watu wengi, mfanyabiashara anapaswa kujiuliza anataka kuonekana na nani.

Lipo pia jambo linalowapa nafuu wafanyabiashara wadogo. Takwimu za mwaka 2014 zilionyesha kuwa kurasa kubwa ndizo zilizoathirika zaidi. Ukurasa mdogo wa mji mdogo, ambao wafuasi wake wanamfahamu mwenye duka na humjibu anapouliza jambo, hutoa dalili zile ambazo algoriti huzithamini. Kwa hiyo wafuasi 300 wa Itilima na Bariadi wanaozungumza na muuzaji wanaweza kuwa na thamani kuliko 5,000 wasiojulikana walipo.

Namna ya kupima

Kupima hakuhitaji utaalamu mkubwa. Ukurasa wa biashara katika Facebook na akaunti ya biashara katika Instagram huonyesha idadi ya watu waliofikiwa na kila chapisho, na baadhi ya miji wanakotoka wafuasi. Mfanyabiashara anaweza kuandika katika daftari, kwa muda wa wiki nne, mambo manne kwa kila chapisho: tarehe na saa, watu waliofikiwa, watu waliopiga simu au kutuma ujumbe, na waliolipa.

Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Chapisho lililofikia watu 60 na kuuza magauni matatu limefanya kazi kuliko lililofikia watu 900 na kuuza gauni moja. Aidha, kumuuliza kila mteja mpya, “Umetufahamu kupitia wapi?” na kuandika jibu lake hutoa taarifa ambayo hakuna mtandao unaoweza kuitoa, kwa kuwa wateja wengi huelekezwa na jirani, na si simu.

Lini kulipia tangazo

Msemo wa “biashara ni matangazo” haumaanishi kuwa kila tangazo ni biashara. Kulipia kunafaa pale ambapo faida ya mauzo yanayotarajiwa inazidi gharama yote ya tangazo. Chukua mfano wa fundi cherehani anayepata faida ya Sh 4,000 kwa kila gauni baada ya kutoa gharama ya kitambaa, uzi na umeme. Akitumia Sh 20,000 kutangaza, atahitaji kuuza magauni matano ya ziada ili arudishe fedha hiyo tu. Iwapo bei hiyo itaongezewa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, gharama itafika Sh 23,600 na atahitaji magauni sita. Faida ya tangazo itaanza kwa kiasi kidogo sana katika gauni la sita, na itaonekana vizuri kuanzia gauni la saba.

Hesabu hiyo inapaswa kufanyika kabla ya kulipa. Inashauriwa pia kuanza na kiasi kidogo kwa siku chache, kuchagua eneo la karibu na biashara badala ya nchi nzima, na kutangaza bidhaa ambayo imekwishaonyesha kupendwa na wateja. Malipo kwa kawaida hufanywa kwa kadi ya benki au kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya kampuni za simu. Mfanyabiashara asimpe mtu mwingine namba ya siri au taarifa za kadi yake ili “amsaidie kusponsa”.

Tahadhari kuhusu njia za mkato

Kushuka kwa ufikiaji kumezalisha soko la ahadi zisizo na msingi. Wapo wanaouza wafuasi, wanaoahidi tiki ya bluu kwa malipo nje ya utaratibu wa mtandao husika, na wanaodai kuwa na uwezo wa kuubadili mfumo ili chapisho lionekane na watu wote. Wafuasi wa kununuliwa mara nyingi ni akaunti bandia au watu wasiohusika na biashara. Kwa kuwa hawagusi machapisho, huupa mfumo dalili kuwa ukurasa hauna mvuto, na hivyo kuzidisha tatizo lililokusudiwa kutatuliwa. Fedha iliyotumika ingeweza kununua mzigo.

Mwananchi anayepokea ujumbe wa kitapeli anaweza kuripoti namba iliyoutuma kwenda 15040, na anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa kwa kupiga *106#. Wenye kurasa za biashara wanashauriwa kuweka uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti zao, kwa kuwa ukurasa ukiibwa wateja ndio hutapeliwa kwa jina la mwenye biashara.

Kujenga njia zisizotegemea mtandao mmoja

Ukurasa wa mtandao wa kijamii unafanana na fremu ya kupanga: mwenye nyumba anaweza kubadili masharti wakati wowote. Aidha, huduma yenyewe inaweza kukatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za mkongo wa baharini iliathiri intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo.

Kinga ya kwanza ni orodha ya wateja. Daftari lenye majina, namba za simu na bidhaa ambayo kila mteja hupenda ni mali ya mfanyabiashara, na hakuna algoriti inayoweza kuipunguza. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, inaruhusu kuweka orodha ya bidhaa na bei, anuani ya duka na saa za kazi. Ujumbe wa pamoja kupitia orodha ya matangazo ya WhatsApp unaweza kutumwa kwa hadi watu 256 katika orodha moja, lakini humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji katika simu yake. Kwa sababu hiyo, kumwomba mteja aihifadhi namba ya duka wakati anapolipia ni hatua ndogo yenye matokeo makubwa kuliko chapisho la siku nzima.

Kinga ya pili ni kutumia mikusanyiko iliyopo. Minada na magulio, vituo vya kuuzia pamba, nyumba za ibada, vikundi vya kuweka na kukopa na redio zinazosikika mkoani huwafikia watu wasio na simu janja au wasio na kifurushi. Maonesho nayo ni nafasi: Uwanja wa Nyakabindi wilayani Bariadi ulikuwa mwenyeji wa kilele cha Maonesho ya Nane Nane kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020.

Kinga ya tatu ni ushirikiano. Wauzaji watano wa bidhaa zisizoshindana, kila mmoja akiwa na wateja 80 katika simu yake, wanaweza kutangaziana na kuwafikia hadi watu 400 bila malipo. Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Mteja aliyekwisha kununua na kuridhika ni rahisi kumrudisha kuliko kumtafuta mgeni.

Wajibu wa kisheria

Biashara ya mtandaoni ni biashara kama nyingine. Mhusika anapaswa kuwa na namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni inayostahili kutoka halmashauri, ambayo huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Jina la biashara husajiliwa BRELA.

Kutunza namba za wateja nako kuna masharti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kihalali, kwa lengo linalojulikana na mhusika, na zilindwe. Pia inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inadhibiti utumaji wa matangazo ya biashara kwa mtu asiyeyaridhia. Kwa hiyo mteja aombwe ridhaa kabla ya kuingizwa katika orodha au kundi, na akisema hataki tena, aondolewe. Kuuza au kugawa orodha ya namba za wateja ni kuvunja imani yao na kujiweka katika hatari ya kisheria.

Vilevile, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha mlaji. Picha ya bidhaa iwe ya bidhaa inayouzwa, na bei iandikwe wazi. Mtindo wa “bei njoo inbox” humchosha mteja na kumfanya apite, na kila anayepita bila kugusa chapisho huipunguzia biashara nafasi ya kuonekana.

Mambo ya kuzingatia

Kwa muhtasari, mfanyabiashara mdogo anashauriwa kupima mauzo badala ya wafuasi. Kuchapisha maelezo yenye manufaa kwa mnunuzi, kama vipimo, bei, mahali na namna ya kutumia bidhaa. Kujibu maswali mapema. Kulipia tangazo baada ya kufanya hesabu ya faida. Kuepuka wauza wafuasi. Na kutunza orodha ya wateja kwa kufuata sheria.

Mitandao ya kijamii itaendelea kuwa na nafasi katika biashara. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zilionyesha kuwa laini zilizotumia intaneti nchini zilifika takriban milioni 35.8 mwezi Desemba 2023, na soko hilo si la kupuuzwa. Lakini nafasi ya bure haiwezi tena kuwa nguzo pekee ya biashara. Methali inasema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza”. Katika mitandao ya leo hata kizuri hulazimika kujitembeza, na mwenye nacho anapaswa kujua kila hatua inamgharimu kiasi gani.